Kimondo cha Ziwani

Fadhili Nambole alipima korosho za watu kwa miaka ishirini na sita, kwenye ghala la chama cha msingi, na hakuna gunia alilowahi kulikosea. Jambo hili hulitaja mapema kabla hajafika kwenye habari za mawe, kwa sababu baada ya habari za mawe hakuna anayeliamini.

Mawe alianza kuyaokota alipostaafu. Wenzake walinunua pikipiki, mmoja akaongeza mke. Yeye alinunua kioo cha kukuzia na daftari kubwa la mistari. Jumamosi alikuwa akienda Msimbati, siku nyingine alizunguka kwenye makorongo nyuma ya mji wa Mtwara, akarudi nyumbani Ufukoni bega moja likiwa chini kuliko lingine. Mawe aliyasugua kwa mswaki, akayabandika karatasi zenye majina, akayapanga uvunguni mwa kitanda. Majina aliyapata kwenye vitabu viwili vya kuazima na programu ya simu ambayo unaipigia jiwe picha, nayo inakwambia ni nini. Siku moja iliangalia kipande cha jiwe la chokaa ikasema ni mkate, kwa uhakika wa asilimia sabini. Fadhili akaandika daftarini: "Programu ina njaa." Aliendelea kuitumia.

Saida, mkewe, alivumilia mwaka mmoja na nusu. Kilichomshinda ni tumbawe la Msimbati, ambalo mumewe alilisukuma uvunguni likiwa bado na wenyeji wake ndani. Wiki nzima walitafuta panya aliyekufa.

"Baba Husna," Saida alisema lilipopatikana, "mimi niliolewa na mtu mmoja. Hawa wengine watafutie pa kulala."

Akapiga deki uvungu wote, akaweka masanduku yake ya nguo. Mawe yakahamia barazani, ambako kuku waliyapokea kwa namna yao.

Aliyemwokoa, au aliyeelekea kumwokoa, ni Mwalimu Gladness, mkuu wa shule ya sekondari ya jirani. Alikuwa na chumba kidogo kilichojaa madawati mabovu, na alikubali kuyatoa nje ili mawe yaingie, wanafunzi wa jiografia wapate kuyaona. Lakini aliweka sharti.

"Mzee Nambole, mwanafunzi akisoma uongo ukutani kwangu, atakwenda kuujibu kwenye mtihani. Bi Joyce, mtaalamu wa madini, anapita huku Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Ayaone kwanza. Akiyakubali, chumba ni chako. Akiyakataa, madawati yanarudi."

Fadhili hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Alikuwa na vipande ishirini na viwili, na alivitazama kama mtu anavyotazama nguo zake usiku wa kuamkia harusi. Akaona panahitajika kimoja cha kumfanya mtaalamu asimame. Watu wa Mbozi wana kimondo chao, tani kadhaa za chuma kilichoanguka kutoka angani, na wageni hufunga safari kwenda kukiona. Mtwara ilikosa nini?

Mwanzoni mwa mwezi huo alikwenda kijijini Ziwani, shambani kwa mama mkwe wake, Bi Nuru, kusaidia kuokota korosho. Msaada wa Fadhili unajulikana. Huinama kwa dakika kumi, kisha utamwona amechuchumaa peke yake akigeuza kokoto. Safari hiyo, chini ya mteremko, kando ya mkorosho mkubwa, aliliona.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, jeusi, linang'aa kama limepakwa vanishi. Mahali palipobanduka, ndani palikuwa na rangi ya mchanga. Kitabu kilisema kimondo huungua nje kikishuka, kikapata ganda jembamba jeusi, na ndani hubaki na rangi tofauti. Alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio. Ikashika, si sana, lakini ikashika. Alitafuta pa kukaa ili aandike, akapata jiwe jingine lenye ukubwa wa kumfaa, akakaa. Programu ilisema: kimondo, asilimia sitini na moja. Safari hii hakuidharau.

Alilifunga kwenye shati na kuondoka bila kumwambia mtu, maana aliyegundua kitu kikubwa hapigi kelele shambani kwa mkwewe. Nyumbani alilipima. Kilo sita na gramu mia mbili. Hapo peke yake hakukosea.

Siku ya pili vidole vilianza kuwasha. Siku ya nne ngozi ilibabuka, ikawa nyeusi, ikaanza kuchunika. Fadhili alifikiri kwa utulivu wa mtu msomi, akaandika: "Huenda ni mionzi." Kuanzia siku hiyo alikula kwa sahani yake peke yake asije akawadhuru watu wa nyumbani. Mtoto yeyote wa Mtwara angemwambia, lakini Fadhili hakuwauliza watoto. Aliuliza vitabu, na vitabu viliandikwa na watu wa kwingine.

Alhamisi ilipofika, jiwe lilikuwa katikati ya chumba juu ya kitambaa chekundu, na karatasi yake: "Kimondo cha Ziwani. Kutoka angani." Habari zilishazagaa. Kabla mtaalamu hajafika, majirani walikuwa wakiingia na kutoka, na miongoni mwao Saida na mama yake, aliyekuja mjini kliniki akataka naye akione hicho kilichoanguka kwao bila kupiga hodi.

"Shikamoo, mama," Fadhili alisema.

"Marahaba, baba."

Bi Nuru alilitazama jiwe. Akazunguka upande wa pili, akalitazama tena. Katika miaka thelathini hakuwahi kumwambia mkwewe kwamba amekosea. Ya namna hiyo humwambia Saida, naye huyafikisha, hata wote watatu wakiwa wamesimama chumba kimoja.

"Saida, muulize mwenzio hili jiwe kaliokota wapi."

"Mama anauliza umeliokota wapi."

"Mwambie chini ya mteremko, karibu na mkorosho mkubwa."

"Anasema chini ya..."

"Nimesikia. Muulize, pale jirani hapakuwa na mawili mengine?"

Fadhili akajipangusa suruali kwa nyuma.

"Moja nililikalia," alisema.

"Anasema moja alilikalia," Saida alimwambia mama yake, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, si kwa huzuni.

"Na vidole vimempata nini?"

"Ni mionzi, mama. Ya angani. Amejitengea sahani."

Bi Nuru alivuta upindo wa kanga mdomoni, akakaa nao hapo kidogo.

"Mwambie apake mafuta ya nazi. Wewe ulipokuwa na miaka mitano ulibabuka hivyo hivyo, ulipochezea maganda ya korosho. Hilo figa nimelikaangia misimu kumi na moja. Mafuta ya maganda yakichuruzika motoni hulipaka hivyo, na kutu ya bati la kukaangia huliangukia. Siku ile nilipomaliza niliyatawanya mafiga moto uzimike, hilo likabiringika."

Kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akamwelekea Fadhili mwenyewe.

"Baba, mimi sijaona kitu hapa. Figa nitatafuta lingine. Nimeweka tofali, bati linainama kidogo tu."

Ingekuwa heri angemcheka. Mlangoni Mwalimu Gladness alichungulia kusema kwamba mgeni ameshafika getini. Fadhili aliangalia kitambaa chekundu, akaangalia dirishani, ambako madawati mabovu yalipangwa yakingoja uamuzi. Chumba kile kilisimama juu ya jiwe moja, naye ndiye aliyelisimamisha hapo. Bi Nuru asingesema. Saida angesema, lakini miaka ijayo, kwa wajukuu. Huenda hata mtaalamu angeghafilika, ana mawe ishirini na mawili mengine ya kumchosha.

Akachana ile karatasi. Akachukua kalamu, akaandika upya, vidole vikimuuma kwenye kila herufi: "Jiwe la mchanga, Ziwani. Figa la Bi Nuru. Weusi ni mafuta ya maganda ya korosho. Mkusanyaji alilidhania kimondo kwa siku ishirini na tatu, ingawa alipima korosho kwa miaka ishirini na sita."

Bi Joyce alikuwa mwanamke mfupi, mwenye penseli sikioni na subira ya daktari wa meno. Alipita jiwe kwa jiwe, akiweka alama kwenye karatasi. "Zumaridi ghafi" ya Fadhili aliiinua kwenye mwanga.

"Chupa," alisema, akairudisha taratibu.

"Jiwe la volkano" lilikuwa zege la gatini. Sandarusi aliikubali, na tumbawe pia. Alipofika katikati alisoma karatasi mara mbili, akalipapasa jiwe kwa ukucha.

"Hili nani amelitambua?"

"Mama mkwe wangu."

"Kwa kipimo gani?"

Fadhili akaonyesha mikono yake. Bi Joyce aliitazama, akatia alama ya vema.

Mwishoni alimkabidhi karatasi Mwalimu Gladness, ambaye alihesabu vema moja moja, akatoa simu akapiga hesabu.

"Saba kati ya ishirini na tatu. Thelathini nukta nne." Alimtazama Fadhili kama alivyozoea kuwatazama wa kidato cha nne. "Thelathini ni D, Mzee Nambole. D amefaulu. Yangekuwa sita, ni F, na mwenye F simpi chumba. Hayo kumi na sita mengine uyarekebishe kabla shule haijafungwa."

Fadhili akasema ahsante. Alikuwa hajawahi kupata D maishani na hakujua mtu hufurahi kwa kiasi gani.

"Saida," Bi Nuru alisema pale mlangoni, "muulize mwenzio kama sasa wamemaliza na figa langu. Nina gunia zima la kukaanga."

Fadhili akalibeba mwenyewe hadi stendi, safari hii bila kulifunga kwenye shati.