Kisiki cha Uani kwa Bi Zakia

Saa moja asubuhi, Larusi Mejri tayari yumo shimoni hadi kiunoni, uani kwa Bi Zakia, mjini Testur. Anaupiga shoka mzizi mnene kama paja lake. Kila baada ya mapigo machache anasimama, anashika kiuno, anavuta pumzi.

"Mti wenyewe niliuangusha kwa siku moja," anasema. "Kazi ni kisiki. Leo siku ya nne, bado kinanicheka."

Ni mkaratusi. Mizizi yake imeinua sakafu ya jiko na kupasua ukuta wa chumba anacholala Bi Zakia, mjane wa miaka sabini na minne. Trekta haipiti kwenye kichochoro chao, ndiyo maana akaitwa Larusi.

Ana miaka 56, na kwa miaka 31 amekuwa aking'oa miti. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Mwaka jana daktari alimwonyesha picha ya uti wa mgongo wake, akamwambia aache.

"Jioni mke wangu, Monjia, akanikanda kwa mafuta ya zeituni. Asubuhi nikaenda kazini."

Siku zote amefanya kazi peke yake, tena kwa kujivunia. Lakini leo, adhuhuri, anataka kutoka shimoni na miguu inakataa.

"Larusi, mwanangu, umekwama?" anauliza Bi Zakia.

"Napumzika tu, mama."

"Kupumzika gani huko, uso umekupauka hivyo!"

Bi Zakia anatoka hadi kichochoroni akipiga kelele. Wanakuja majirani sita, mmoja wao Naji mwoka mikate, akiwa na unga hadi kwenye nyusi. Wanamtoa Larusi kwanza, wanamkalisha kwenye kiti cha wageni, kisha wanakifunga kisiki kamba.

"Vuta, Naji! Huo si unga!" Larusi anafoka kitini.

"Tulia hapo, bwana harusi!"

Mzizi wa mwisho unakatika kwa kishindo. Kisiki kinatoka, na Bi Zakia anapiga vigelegele. Muda si mrefu wote wamezunguka sinia moja la kuskusi.

"Nilidhani kusaidiwa ni aibu," Larusi anasema, akitafuna. "Nimeona aibu dakika tano. Halafu nikala."

Kuanzia sasa hataingia shimoni bila wenzake wawili. Ila kwanza atampeleka Monjia kwenye chemchemi za maji moto, safari aliyomwahidi tangu walipooana.

"Kila mwaka nilimwambia, nikimaliza mti huu," anasema. "Ijumaa tunapanda basi. Mtu akinitafuta, mwambieni nimo majini."