Kijani cha Mke wa Fundi Koki

Fundi Koki alipokuwa kijana hakutaka kabisa kushika mabomba. Alitaka kuwa fundi umeme. Alipelekwa kujifunza kwenye karakana ya fundi mmoja, mtu mpole lakini asiye na mzaha na kazi, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Taabu ilianza walipofika kwenye nyaya. Mwenzake akiagizwa waya mwekundu anauchomoa papo hapo. Yeye anabaki ameukodolea macho mzigo wote kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Machoni pake nyekundu na kijani vilikuwa kitu kimoja, rangi ya udongo uliolowa. Siku alipounganisha swichi ikapiga cheche na kumrusha chini, fundi alimkalisha kitako akamwambia umeme hautaki kubahatisha, akatafute kazi nyingine angali mzima.

Ndivyo alivyoingia kwenye mabomba. Bomba linavuja au halivuji, halikuulizi rangi. Mikono yake ikaizoea kazi, mtaa mzima ukawa unamwita yeye koki zikikorofisha, na jina likamganda.

Rangi iliyomjia wazi ilikuwa buluu, na aliipenda kupita kiasi. Mama yake alikuwa na beseni la buluu, na kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ni kukaa ndani ya beseni hilo, maji ya vuguvugu yamemfika kifuani, mama anamsugua shingo huku akimgombeza. Hadi utu uzima, akiiona buluu moyo wake ulitulia. Mlango wake aliupaka buluu, baiskeli buluu, hata boksi la spana. Majirani walimtania kwamba rangi ikibaki kidogo, atampaka na paka.

Mkewe alikuwa msusi. Walikutana saluni, siku alipokwenda kuzibua sinki. Alipomaliza kazi alijikaza kiume akamwambia yule dada kwamba gauni lake la kahawia limemkaa vizuri. Saluni nzima ikaangua kicheko, maana gauni lilikuwa la kijani kibichi. Msusi peke yake hakucheka. Alimfuata nje, akamwuliza taratibu yeye anaona nini. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Alimweleza yote, mpaka habari ya cheche, na mwaka haukuisha wakaoana.

Tangu hapo mkewe akawa mtu wa buluu. Gauni la buluu, kilemba cha buluu, sweta la buluu. Fundi Koki alijisifu kwa marafiki kwamba Mungu alimpa mke wa rangi moja naye. Sokoni mkewe ndiye aliyemchagulia nyanya zilizoiva, bila mtu yeyote kugundua, na maisha yakaenda.

Binti yao, mtoto wao pekee, alipokaribia kuolewa, Fundi Koki aliitwa kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kutengeneza sinki la jikoni. Alikuwa amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, huku shemeji akipiga soga juu ya nguo za harusi. Akasema anajua dada yake atavaa buluu tena, maskini, na jinsi alivyokuwa mgonjwa wa kijani.

"Kijani?" Fundi Koki aliuliza kutoka chini.

"Hujui, shemeji? Dada alikuwa havai kitu kingine. Alikiacha alipokubali posa yako. Alisema anataka kwenye watu wengi ukimtafuta, umwone mara moja."

Fundi Koki aliishusha spana kifuani. Maji yalimdondokea shingoni, akayaacha yadondoke.

Alipotoka hapo alipitia duka la vitambaa. Muuzaji, mama wa makamo mwenye futi shingoni, alimwuliza anataka kijani gani, cha majani, cha chupa au cha limau, akamtandazia vyote mezani. Kwake ilikuwa meza ya matope. Maisha yake yote alikuwa akiwaficha watu, lakini siku hiyo aliona hakuna haja.

"Mama, mimi sivioni," alisema. "Nichagulie ambacho mwanamke akikishika, hakirudishi."

Yule mama alimtazama, akakunja vyote, akaingia ndani kuleta kingine.

Nyumbani alikiweka kitandani akajifanya anatafuta soksi. Mkewe aliingia, akakiona, akakaa.

"Nani kakwambia?"

"Mdogo wako."

"Yule mdomo wake hauna kifuniko," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitambaa. Kisha akaanza kusimulia mambo ambayo mumewe hakuwahi kuyasikia. Utotoni, sebule yao ilikuwa na mapazia ya kijani. Jua la mchana likipenya, chumba kizima kinageuka kijani, naye na mdogo wake wanalala sakafuni wakijifanya wadudu ndani ya jani. Mama yao akipita, naye wa kijani, mpaka meno, na wao wanacheka hadi wanapaliwa. Alijiahidi kwamba akiwa na kwake atatundika mapazia kama yale.

"Mbona hukusema?"

"Ningekutundikia matope dirishani?"

Wakacheka. Halafu Fundi Koki akamwuliza kijani kikoje.

"Mvua ikikatika asubuhi, ukafungua dirisha, ile hewa ya kwanza inayokuingia puani. Kiko hivyo."

"Hiyo naijua," alisema.

Siku ya harusi mkewe aliingia ukumbini katika gauni la kijani, na shemeji mtu akalia kabla hata bibi harusi hajafika. Fundi Koki alikwenda kusalimia wakwe, na aliporudi hakumwona mkewe. Kwa mazoea macho yake yalitafuta buluu, yakaipata, akaifuata, akaishika bega. Akageuka bibi mmoja asiyemjua, shangazi wa bwana harusi, akamwuliza kama wamewahi kuonana. Alimwomba radhi, akaenda kusimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuchukuliwa.

Mkewe alikuwa ameyaona yote. Alikuja akiwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Umepotelewa na mke?"

"Nimepotelewa."

Akamshika mkono wa koti, na hotuba zote, ndefu na fupi, hakuuachia.

Jioni, binti alipokwisha kuondoka na mumewe, wao walirudi kwa miguu. Viatu vilikuwa vimemchubua mama, akavivua; Fundi Koki akavibeba. Njia nzima walizungumzia nyumba mpya ya binti, kwamba koki ya bafuni pale haifungi vizuri, na kwamba si vibaya baba akapita kuitazama mapema. Mkewe alisema awaache vijana wapumue kidogo kwanza. Alikubali. Walipofika nyumbani mama alipitiwa na usingizi kitini na gauni lake mwilini, naye hakumwamsha. Alivuta stuli, akaupakata mguu wake uliochubuka, akaanza kuukanda polepole.