Sanduku la Spika na Kibanja cha Kamachumu

"Sio dogo, Mjomba. Linabebeka. Hivyo ni vitu viwili tofauti."

Ndivyo nilivyomjibu, nimesimama mlangoni kwake Kitendaguro, sanduku jipya la spika likinivuta mkono. Mjomba ni kaka yake mama, na ndiye kiongozi wa bendi yetu inayopiga kwenye harusi na sendofu. Mimi napiga gitaa la solo tangu nimalize kidato cha nne. Alikuwa ameshaliangalia sanduku langu juu na chini kama mtu aliyeletewa kuku mgonjwa.

"Watu wa Kamachumu wanaangalia spika kwanza, halafu ndiyo wanasikiliza," akasema. "Ukifika na kitu kama ndoo ya maziwa, wanajua umekuja kujifunza."

"Na nikifika na lile kabati lako watu wameshakula, wananijua kama nani?"

Lile kabati la spika nne ndilo lililonichelewesha safari iliyopita. Gari la bendi lilijaa ngoma na waimbaji, kabati likabaki, na mimi nikabaki nalo barabarani kama mlinzi wake. Niliapa sitarudia. Nilitaka kitu ninachoweza kupanda nacho bodaboda, mimi na gitaa langu, bila kumwomba mtu nafasi.

Nikatafuta sanduku la namna hiyo dukani mjini Bukoba. Yalikuwepo mawili ya kufaa, kila moja na spika moja ya inchi kumi na mbili. Moja limefungwa mbao pande zote, zito, nikilinyanyua bega linalala upande. Lingine mgongo wake uko wazi, unaiona spika kwa nyuma mpaka sumaku, na ni jepesi. Mwenye duka, mzee wa mjini mwenye kofia ya kufumwa, alinitazama nikiyanyanyua kwa zamu mpaka akachoka.

"Yote mazuri, binti yangu. Chukua utakalobeba bila kununa."

Nikachukua lililo wazi. Sikufikiria zaidi ya hapo, mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja. Na nilipolijaribu sebuleni kwa Mjomba, nimeliegemeza ukutani, lilijaza nyumba mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Sauti ilikuwa pana, inapumua. Hata yeye alishindwa kubisha.

"Sawa," akasema. "Nenda nalo Kamachumu. Lakini solo lisiposikika, wiki ijayo kwenye sherehe ya kule Ngenge anakaa yule kijana wa kinanda mahali pako. Sibembelezi mtu."

Hakuwa anatania. Kinanda kinaweza kupiga sehemu yangu yote kwa kidole kimoja, na kwenye bendi yetu kiti kikishakaliwa na mwingine hakirudi. Nimeona walivyomfanyia mpiga besi wa zamani. Bado anakuja kututazama, anapiga makofi.

Kamachumu tulikuta maturubai ya harusi yameshafungwa. Bendi ilipangiwa sehemu ileile wanayotupangia kila mahali: mbele yetu wageni, nyuma yetu kibanja, yaani migomba na kahawa ya wenye nyumba. Ukutani kwa nyumba hatupewi kamwe. Pale hutandikwa nyasi mbichi, wanakaa wazee. Nikaweka sanduku langu pembeni ya majani ya migomba, juu yake ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, nikachomeka waya, nikasubiri ishara.

Tulianza. Niliona vidole vyangu vinakwenda, lakini kwa wageni hakuna aliyegeuza shingo. Nikaongeza sauti. Hakuna. Maikrofoni zilikuwa tatu tu, mbili za waimbaji na moja ya mshereheshaji, kwa hiyo gitaa lilikuwa linajitegemea. Nikaongeza tena mpaka taa nyekundu ya ampu ikaanza kupepesa. Mjomba akanitolea macho, akagusa sikio lake.

Mara kutoka ndani ya migomba akachomoza mama mmoja na mwiko mkononi.

"Wewe binti wa gitaa! Punguza bwana, hatusikilizani huku!"

Sauti nyingine ikamjibu kutoka nyuma yake, kwenye moshi: "Asipunguze! Mwache apige, mwenzenu namenya ndizi kwa mwendo!"

Kicheko kikalipuka huko jikoni. Walikuwa wanacheza. Nilimkimbilia Mjomba wimbo ulipoisha.

"Jikoni wanasikia mpaka wanalalamika!"

"Jikoni ndiko tulikoalikwa?" Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Bibi harusi anaingia baada ya hotuba hii. Wimbo wake unaanza na gitaa peke yake. Akiingia kwenye ukimya, mimi nitamwambia nini baba yake?"

Nikarudi kwenye sanduku langu, nikalizunguka kama fundi wa pikipiki. Ndipo nilipoona. Mgongo ule wazi ulikuwa unatazama kibanja, na nusu ya sauti yangu ilikuwa inaingia mle inapotea. Kule sebuleni, ukuta ndio uliokuwa unanirudishia. Hapa nyuma yangu palikuwa na majani tu. Nilihitaji ukuta, na ukuta ulikuwa mmoja, kwenye nyasi za wazee.

Mshereheshaji alikuwa anawataja wajomba. Nilivua viatu, nikabeba sanduku, gitaa mgongoni, ampu kwapani, nikapita pembeni ya maturubai huku watu wakinishangaa. Mwisho wa ukuta alikaa bibi yake bibi harusi, mdogo, amejifunga khanga mbili. Nikapiga magoti, nikamwamkia Kihaya kama bibi yangu mwenyewe.

"Kasinge, mukaka."

"Kasinge, mwana wange. Hicho umebeba kina kuku?"

"Ni spika, mukaka. Naomba niiweke hapa ukutani, mjukuu wako akiingia apigiwe."

"Inapiga kelele?"

"Kidogo tu."

"Kidogo hata nzi anapiga." Mzee wa pembeni akakohoa kuficha kicheko. Bibi akalitazama sanduku, akanitazama na miguu yangu mitupu. "Weka. Ila isinipigie mgongoni. Nataka kumwona anavyoingia, sitaki kurushwa."

Nikaliweka juu ya kreti la soda, mgongo ukutani, uso umeelekea pembeni yake. Umeme nilivuta dirishani. Waya wa gitaa haukufika kwenye bendi, kwa hiyo nilibaki palepale, magoti kwenye nyasi, nikimtafuta Mjomba kwa mbali. Mshereheshaji akasema, "Na sasa, mlionuna mkunjue uso!" Watu wakasimama. Mjomba akashusha mkono.

Nikapiga. Safari hii nilisikia sauti ikitoka na kwenda mbele, juu ya vichwa, na wanawake wa meza za karibu wakageuka kabla hata hawajamwona bibi harusi. Meza za mwisho sijui. Niliwaona wamesimama, lakini mtu anasimama hata kwa kuona wenzake wamesimama.

Tulipokuwa tunafungasha, Mjomba alikuja akiwa anakunja waya.

"Nilikusikia," akasema. Nikaanza kutabasamu. "Usicheke. Ngenge sherehe iko uwanja wa wazi. Hakuna ukuta. Utaegemeza wapi, tumboni kwangu?"

"Nitatengeneza."

"Kijana wa kinanda nimeshamwambia ajiandae."

"Mwambie asubiri, Mjomba."

"Mpaka lini?"

"Kesho mchana."

Alinitazama, akarusha waya garini. "Mchana, sio jioni," akasema, akaenda kuwaaga wenye nyumba.

Barabara nzima ya kurudi Bukoba nimeshikilia sanduku mapajani, nawaza mgongo wake. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nalipeleka kwa seremala. Akate plaiwudi, aufunge wote, skrubu kila pembe na gundi kwenye nyufa, abakize tundu la waya tu, sauti yote itoke mbele. Litakuwa zito, na ile sauti ya kupumua niliyoipenda najua itapungua. Basi. Nikitoka hapo naenda nalo moja kwa moja uwanja wa mpira, naliweka katikati pasipo na ukuta wala mti, namsimamisha Mjomba kule golini, na napiga wimbo wa bibi harusi mpaka ainue mkono kwamba ananisikia.