Fundi Bado Yupo Ramanini

Felista alikuwa amechoka kumzika mume wake. Fundi Valeriani wa Kawajense, aliyekuwa akichomelea plau za ng'ombe, mageti na mikokoteni, alifariki miaka mitatu iliyopita, akazikwa, matanga yakaondolewa, nguo zake zikagawiwa. Lakini kwenye ramani ya simu yuko hai, buheri wa afya, na anafungua saa mbili asubuhi.

Aliyemweka humo ni binti yao Glory, enzi hizo baba yake mzima. Alipiga picha kibao cha karakana, akaandika jina la baba, mtaa na namba ya nyumba. Sasa Glory ameolewa Tabora, na kila akiwatumia wenye ramani taarifa kwamba baba hayupo tena, anajibiwa kwamba imepokelewa, wataiangalia. Wanaangalia nini, mimi sijui. Ukiikuza picha ya ramani iliyopigwa kutoka angani utaliona banda la kuchomelea na turubai lake la bluu, wakati banda lilishang'olewa zamani na pale Felista amepanda matembele.

Basi watu wanakuja. Na mtu akiambiwa fundi alifariki, huku kwetu hawezi kugeuza pikipiki akaenda zake kama aliyekosa chumvi dukani. Anavua kofia, anatafuta pa kukaa, anatoa pole, kisha anauliza ilikuwaje. Na wewe uliyefiwa huwezi kumnyima. Felista anaanza: aliamka vizuri, akanywa uji, akasema kifua kinambana, tukatafuta usafiri, hatukufika. Mgeni anaguna, anakunywa maji, anaaga. Kesho kutwa anakuja mwingine. Felista amesimulia mpaka maneno yamekauka, anayatoa huku anachambua mchele, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Alichotaka ni kupumzika tu, msimu mmoja wa kilimo upite bila mtu kumuuliza ilikuwaje.

Juzi, mvua za kwanza zikinukia, akaingia Kashinje, Msukuma mmoja wa kule njia ya Mwese, plau iliyokatika imefungwa nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo mama. Hapa ndiyo kwa fundi Valeriani?"

Felista alikuwa ameinamia matembele, mgongo unamuuma. Akafungua mdomo aanze, mdomo ukagoma.

"Marahaba," akasema. "Ametoka."

Uongo mdogo tu wa kumwondoa mtu. Kashinje akashusha plau, akaiegemeza ukutani.

"Haina shida mama. Nitamsubiri."

Eti atamsubiri. Felista akaona aibu kurudi nyuma. Akaingia jikoni, akawasha mkaa, akajiambia huyu akichoka ataondoka mwenyewe. Kashinje hakuchoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia simu, akaangalia matembele, akaangalia simu tena.

"Mama, mbona banda silioni? Mmelihamishia wapi?"

"Atakuonyesha mwenyewe akija," Felista akajibu, akashangaa jinsi maneno yalivyotoka kwa urahisi.

Na ilikuwa raha, asikwambie mtu. Alikuwepo mtu anayemsubiri Valeriani, ana uhakika kabisa kwamba atakuja, na nyumba ikachangamka. Felista akasonga ugali mkubwa kuliko wa watu wawili. Akaunga dagaa wa Karema na nyanya nyingi, kama fundi alivyopenda. Pikipiki moja ikapunguza mwendo pale nje, na mkono wake ukaenda wenyewe kabatini, ukatoa sahani ya tatu.

Pikipiki ikapita.

"Siyo yeye?" Kashinje akauliza kutoka uani.

Felista akaiangalia ile sahani. "Siyo yeye, mwanangu. Fundi amefariki."

Maneno hayo alishayasema mara ngapi, jamani, lakini safari hii yalimpiga yeye mwenyewe. Akakaa chini pale pale mlangoni, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa, maana siku ile alikuwa anahangaika na wageni.

Kashinje akasimama. "Wamekupigia saa hizi, mama?"

Akafanya anachofanya mtu yeyote mwenye utu akikuta msiba mbichi: akakimbilia nyumba ya pili kuita watu.

Jirani, Mama Shadia, alikuja mbio na kanga begani, huku anaelezwa kwamba fundi wa nyumba hii amefariki leo hii. Mwanamke huyu ndiye aliyepika kwenye matanga ya Valeriani. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kumwambia mgeni kwamba amechanganyikiwa, ndipo akamwona Felista pale chini. Akavua kandambili, akatandika mkeka, akakaa naye.

Kashinje akavua kofia, akaenda kukaa upande wa wanaume, peke yake.