Nyama Iliyopikwa Bila Punje ya Chumvi

Nakumbuka mwaka aliofariki baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaacha darasa la nne pale Makuyuni, nikaenda kuosha masufuria kwenye mgahawa Korogwe mjini. Kupika nilijifunza kwa kutazama, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo mwanangu, ukiona mwandiko wangu umepinda, vumilia. Mchuzi wangu haupindi.

Nikaolewa Handeni, najiona mpishi kuliko wote. Mama mkwe wangu alikuwa na presha, miguu inamvimba mpaka kandambili hazimwingii. Hospitali wakatuambia: chumvi basi. Nikachemsha nyama kwa maji matupu, nikamtengea. Akaonja, akasukuma bakuli.

"Mke wa Salehe, hii nyama umeipika au umeifua?"

Majirani waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Siku ya tatu akaanza kuwaambia kwamba namnyima chumvi kwa makusudi, nimemchoka. Mwanangu, neno kama hilo likimfikia mumeo, unafungishwa virago. Nikaogopa. Nikatia chumvi, kidogo kwanza, kesho yake ya kutosha. Akala, akalamba vidole.

"Sasa nimepata mkamwana!" akasema mbele ya watu.

Nikavimba kichwa kwa sifa. Yeye akavimba miguu.

Siku ya sita asubuhi hakuweza hata kulala chali. Anahema kama aliyepanda mlima wa Vugiri na mzigo wa kuni, maneno yanamkatika. Tukampakia kwenye gari la mahindi, kichwa chake mapajani mwangu. Kila akikohoa nasema ndiyo basi, nimemuua.

Akalazwa. Dada yake, tuliyemwita Mama Mkubwa, akanivuta nje ya wodi.

"Chumvi ulitia?"

"Alikuwa ananisema, Mama."

"Kwa hiyo ulijipikia sifa, mdogo wangu akazila."

Nikarudi wodini, nikakaa miguuni pake.

Aliporudi nyumbani alikuwa mifupa mitupu, na chakula hataki. Nikajua safari hii nikishindwa, tunazika. Nikanunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, nikaikata vipande vidogo. Nikatwanga kinuni tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikaipaka, nikaiacha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha nikaibandika ikauke kwa maji yake yenyewe mpaka ikaanza kushika chini ya sufuria. Hapo ndipo harufu inapoamka, na hapo ndipo wenye haraka wanapoongeza maji. Vitunguu nikavikaanga hadi rangi ya kahawa. Ukwaju nikautia mwisho kabisa, naepua.

Mama Mkubwa alikaa mlango wa jikoni muda wote huo, macho kwenye mikono yangu.

Mgonjwa akaonja. Akaonja tena, akanikazia macho.

"Umetia chumvi! Unataka kuniua?"

"Hakuna hata punje," Mama Mkubwa akasema. "Mimi nilikuwepo. Kula."

Akala, akafuta bakuli kwa ugali. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kunisema hakuacha.

Sasa nyinyi vijana mnatia vile vidonge vya mchuzi, mnasema hatutii chumvi. Mnajidanganya, navyo vimejaa chumvi. Mwenye presha mpikie kwa ndimu au ukwaju, tangawizi, saumu, na uvumilivu wa kuikausha nyama. Hospitali wakisema basi, ni basi. Akikusema, muache akuseme akiwa hai.

Leo nina mgahawa wa meza sita Kilole, nyumba ya matofali ya kuchoma, mbuzi tisa Handeni, na kinu kile kile. Mwenyezi Mungu akujaalie mkono wenye ladha, mwanangu, na akuwekee hao unaowapikia mpaka wazeeke mezani pako.