Muhuri wa Kiazi

Mimi ni mpishi wa shule, na sipendi chakula kichezewe. Kwa hivyo Mwalimu Nasambu alipokuja jikoni kuomba viazi vya watoto kuchongea mihuri, nilimwambia, "Mwalimu, si hiyo ni laana, bana!" Akacheka tu. Nikampa vile vilivyoanza kuoza, nikamkamulia na matunda ya nderema, ile mboga ya kutambaa, kwenye kifuniko cha sufuria, maji yake ya zambarau yawe wino. Wino huo haujui sabuni.

Huyo ndiye Nasambu wetu. Alizaliwa Malakisi, na mwaka wa tisa sasa anafundisha hapa Ndalu akilipwa na wazazi, wanapokumbuka. Watoto wake huchapa maua ya vitunguu na nyota za karoti kwenye kila kitu, hata sketi zao. Mwezi huo barua ya serikali ikamfikia hatimaye: aripoti Kitale Jumatatu, aajiriwe. Lakini ukiwa na kesi polisi, kazi hiyo unaiona kwa macho tu.

Alhamisi, saa nne ya chai, naibu chifu akaja na pikipiki mpaka mlango wa darasa. Mkononi alikuwa na fomu ya cheti cha kuzaliwa cha Nangila, msichana wa Gredi ya Sita anayelelewa na nyanya yake. Bila cheti hicho jina lake halingeingia kwenye mtihani, na mwisho wa kupeleka fomu Bungoma ulikuwa kesho yake.

"Nyanya ya huyu mtoto amenisimamisha sokoni na hii fomu, ati asante kwa muhuri," akasema. "Mimi sijapiga muhuri wowote. Nani amepiga?"

Nilikuwa nimeleta chai, nikachungulia dirisha la darasa, naye ameiinua fomu juu. Jina la lokesheni, mistari, nafasi ya tarehe, vyote vimekaa sawasawa, rangi ya zambarau.  Salaale, kile kilikuwa kiazi changu!

"Kughushi muhuri wa serikali ni jela. Wote, mikono juu!"

Mikono arobaini ikainuka, yote ya zambarau. Ya Mwalimu pia. Yangu niliisugua kwa aproni, wapi!

"Nimechonga mimi," Nasambu akasema.

Uwongo mtupu! Nilitamani kumziba mdomo. Miaka tisa, wewe mwanamke, unaitupa hivi hivi?

"Basi twende kituoni."

Akachukua mkoba wake. Zipu ikakataa kufunga, akaubeba wazi. Hapo Nangila akasimama, machozi yakimtoka.

"Si Mwalimu. Ni mimi. Kukhu, nyanya yangu, ameenda kwa ofisi yako mara nne, na mguu wake ni mbaya. Kila siku anaambiwa muhuri uko kwa mfuko yako, na wewe uko matanga. Nikamdanganya ati Mwalimu amekupata, ukapiga."

 Mimi kunyamaza sijui.

"Naibu," nikamuuliza kutoka dirishani, "na sasa hivi huo muhuri uko wapi?"

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Watoto wote wakauona. Akamwangalia Nangila, akaiangalia ile fomu.  Kisha akaichana fomu vipande vipande.

"Hii sijaiona," akasema. "Mwalimu, uko na ingine?"

Nasambu alikuwa nayo mkobani, imejazwa jina la Nangila, ameibeba tangu juma lililopita akimtafuta huyo huyo bwana. Naibu chifu akaiweka kwenye dawati, akapiga muhuri wake. Hakikutoka kitu. Akapiga tena kwa nguvu, dawati likatikisika. Kidau chake cha wino kilikuwa kimekauka.

 Nangila akapangusa machozi, akaleta kifuniko changu cha nderema, akakishika kwa mikono miwili. Naibu chifu akachovya. Muhuri wa serikali ukatoka zambarau, hukuweza kuutofautisha na ule wa kiazi.

Alipokuwa akipanda pikipiki nilimwona akisugua vidole kwenye suruali.

"Usijisumbue, Naibu," nikamwambia. "Hiyo haitoki."

Akawasha pikipiki, akaenda. Kesho yake fomu ilifika Bungoma, na Jumatatu Mwalimu akaripoti Kitale na mikono yake ya zambarau vile vile.