Juisi ya Pasheni ya Magokoro

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kijijini Gesima, juisi haikutoka dukani. Ilitoka kwenye pasheni zilizotambaa juu ya ua wa ng'ombe. Mwaka mmoja nyanya yetu, tuliyemwita Magokoro, aliugua koo likaziba, hata uji mwepesi haukupita. Juisi ya pasheni tu ndiyo iliyoshuka. Msimu ulipokaribia kuisha, Mama akaamua kuihifadhi kwenye chupa.

Kazi hiyo aliifanya Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Alipanga vijiti ndani ya sufuria kubwa, akatia maji kidogo, akasimamisha chupa zenye juisi juu ya vijiti na kufunika. Mvuke ulipopanda, jikoni kulinukia pasheni na moshi wa mkaratusi. Mimi na dada yangu Kemunto tuliketi tukisukumana, tukisikiliza chupa zikigongana.

"Moraa, vifuniko umevikaza?" Mama aliniuliza.

"Hapana, Mama. Nimevilegeza."

"Sawa. Mvuke ukikosa pa kutokea, chupa itapasuka ituumize. Na maji yasikauke."

Baadaye alizitoa kwa kitambaa, akavikaza vifuniko, akazipanga juu ya gunia zipoe polepole. Simiti baridi ingezivunja.

Jioni tuligombania kijiko cha kumnywesha Magokoro. Magokoro akimeza, Mama alisimama mlangoni akimtazama shingoni.

"Leo imeshuka," Magokoro alisema, nasi tukapumua.

Chupa zile zilimvusha. Pasheni zilipoiva tena bado alikuwa nasi, akafyonza moja kwa mdomo wake mwenyewe, mbegu zikimganda kidevuni. Mama alicheka mpaka akalia. Magokoro alituaga miaka mingi baadaye, kwa uzee tu.

Siku hizi naishi mjini Kisii. Mume wangu alifariki, Mama pia, naye Kemunto aliolewa mbali. Nina sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke, inayojizima yenyewe. Bado natengeneza juisi, ingawa vijana wa leo wanadhani pasheni huota ndani ya pakiti.

"Shosho, si ununue tu supamaketi?" mjukuu wangu huniambia kwa simu kutoka Nairobi.

"Nitanunua," humjibu, kisha naendelea kukamua.

Wakati ule tulibanana kwenye jiko moja la moshi, machozi yakitutoka, na hakuna aliyetaka kutoka nje. Sasa jikoni kwangu hakuna moshi. Kuna nafasi tele.